Magereza ya Ulinzi Mkali Huko Marekani



Leo tutazungumza juu ya jambo la mbali, lakini lenye kutuhusu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Mwaka 2001 mahakama ya New York iliwahukumu watu 4 kifungo cha maisha. Mmoja wao alikuwa mzaliwa wa Zanzibar. Je, watu kama hao hufungwa wapi? Na huamuliwa vipi?

Marekani ina magereza ya majimbo na magereza ya serikali kuu. Sisi tunasema juu ya haya ya serikali kuu. Idara yake ilianzishwa mwaka 1930. Magereza yake yamegawanywa katika madaraja 5.

Daraja la kwanza ni kambi zenye ulinzi mdogo kabisa. Nyingine hazina hata ua. La pili lina ua wa waya uliozungushwa mara mbili. La tatu ni la ulinzi wa kati. Hilo nalo lina ua mara mbili, na mitambo ya kumgundua anayetaka kutoroka. La nne ndilo la ulinzi mkali. Lina kuta au nyua imara, askari ni wengi, na kila hatua ya mfungwa huangaliwa. La tano ni la kazi maalum, kama vile kutibu wafungwa wagonjwa. Humo limo pia gereza la Florence, jimbo la Colorado, lililofunguliwa mwaka 1994. Huko mfungwa hukaa peke yake chumbani karibu saa 23 kwa siku. Kitanda chake ni cha zege, na meza pia. Baadhi ya wale waliohukumiwa kwa mabomu walifungwa humo.

Sasa, nani aende wapi? Hapo ndugu zetu, kuna hesabu. Mfungwa huandikiwa alama. Huangaliwa ukubwa wa kosa lake, kama amewahi kupiga watu, na kama amewahi kutoroka. Umri nao huhesabiwa. Kwa mwongozo wa mwaka 2006, kijana wa chini ya miaka 25 huandikiwa alama 8. Mzee wa miaka 55 haandikiwi hata moja. Mwanamume akifikisha alama 24, huyo ni wa ulinzi mkali. Akiwa na 16 hadi 23, ni wa ulinzi wa kati.

Lakini si alama peke yake. Mwanamume aliyebakiwa na kifungo cha zaidi ya miaka 30, kwa kawaida hupelekwa kwenye ulinzi mkali hata kama alama zake ni chache.

Na liko jambo moja ambalo sisi wa kisomo tusilipite. Elimu nayo imo katika hesabu hiyo. Asiyemaliza sekondari, wala hana cheti kinacholingana nayo, huandikiwa alama 2. Akijiandikisha darasani na kuendelea vizuri, hubaki na 1. Akipata cheti, hana alama. Tuchukue mtu mwenye alama 24, na mbili kati ya hizo ni za kukosa elimu. Akisoma akamaliza, hubaki na 22. Mengine yasipobadilika, hesabu yake imetoka kwenye ulinzi mkali na kuingia ulinzi wa kati. Ukuta mrefu namna ile, na daftari limeupunguza!

Elimu haifuti kosa, wala haiwarudishi waliokufa. Lakini wenye magereza wenyewe wameona kwamba mtu anayesoma ana hatari ndogo kuliko asiyesoma.

Basi jadilini darasani kwenu: je, ni haki kumpima mtu kwa alama? Na je, mfungwa afundishwe kusoma?