Maneno juu ya kuchunga vyakula katika chupa zisizo na hewa

Maneno ya moniteri wa kilimo mbele ya wakulima wa Kivu



Leo sitasema juu ya kulima. Kulima munajua. Nitasema juu ya kazi inayofuata kisha kuvuna, kwa sababu ni wakati ule watu wengi wanapoteza chakula chao bila kuona mwizi.

Tuangalie maharagi. Munayavuna katika mwezi wa sita, munayapiga, munayapeta, munayatia katika mufuko, na munasema: Haya ni ya kula, na haya ni mbegu ya mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa unafika. Munafungua mufuko, unga unamwagika chini, na kila haragi lina tundu. Basi munakwenda sokoni kununua mbegu siku zile zile ambazo watu wote wanatafuta mbegu. Bei imepanda, na yule anayeuza hatawaambia kama mbegu yake ni ya msimu huu au ya mwaka juzi. Nyumba nyingine zinapanda nusu ya shamba kwa sababu hiyo tu.

Fukusi, kile kidudu kinachotoboa maharagi, kinatoka wapi? Wengine wanasema kinazaliwa katika mufuko. Sivyo. Kinaanzia shambani. Jike linataga mayai katika maganda yanapoanza kukauka, na munaleta mayai yale nyumbani pamoja na mavuno. Mutoto wake akitoka katika yai anaingia ndani ya haragi, anakula kule ndani, na kisha mwezi mumoja hivi anatoboa mulango wa duara na kutoka. Pahali pa baridi, kama huku milimani, anakawia zaidi. Akitoka, anataga tena kati ya maharagi mengine. Kwa hiyo maharagi munayoona kuwa mazuri katika mwezi wa sita yanaweza kuwa na maadui ndani yake tayari, na macho hayawezi kuwaona.

Lakini fukusi anapumua kama sisi. Mukimufunga pahali ambapo hewa haiingii, anamaliza hewa iliyomo, kisha anaacha kula, kisha anakufa, na watoto wake vilevile. Hiyo ndiyo maana ya kuchunga maharagi katika chupa iliyofungwa vizuri. Dawa haiko, na sumu haiko.

Chupa ya kufaa ni ile ya kioo yenye kinywa kipana, wanayoiita bokali. Kioo hakipitishi hewa, fukusi hawezi kukitoboa, na panya naye hawezi. Bokali ya litri 1 inashika karibu robo tatu ya kilo ya maharagi, au zaidi kidogo. Mutu anayetaka kilo nane za mbegu atatafuta bokali kumi au kumi na moja. Kama hana nyingi hivyo, achunge mbegu peke yake katika bokali, na maharagi ya kula ayatie katika bidoni yenye kizibo kizuri. Bidoni ikijaa kabisa na ikifungwa kabisa, inafanya kazi ile ile.

Sasa namna ya kufunga. Kuna vifuniko vyenye mupira na tundu dogo, ambavyo vinauzwa pamoja na pompi ya mukono. Pompi inavuta hewa, na mupira unaziba tundu. Fundi wengine wanageuza ile ngozi iliyo ndani ya pompi ya baiskeli, ili ivute pahali pa kusukuma, na kazi inakwenda. Hewa ya ndani ikipungua, hewa ya nje inakandamiza kifuniko. Musifikiri hewa haina nguvu. Hapa Bukavu, juu ya metre 1,500 hivi, kifuniko chenye upana wa santimetri 7 kingebeba zaidi ya kilo 30, kama hewa yote ingetoka ndani. Pompi ya mukono haitoi yote, lakini inatoa ya kutosha ili kifuniko kishike sana. Kwa sababu hiyo musitumie kioo chembamba, wala chenye ufa, wala chupa yenye pande bapa. Inaweza kupasuka mikononi.

Asiye na pompi asihuzunike. Ajaze bokali mupaka juu, aitikisetikise ili maharagi yashuke, aongeze tena, kisha afunge kwa nguvu na kupaka nta ya mushumaa pande zote za kifuniko. Hewa iliyobaki kati ya maharagi ni kidogo, na fukusi wenyewe wataimaliza. Lakini bokali iliyojaa nusu ina hewa nyingi, na fukusi watapata wakati wa kuharibu. Nimeona pia watu wakiwasha kipande cha mushumaa ndani ya chupa, wakisema moto utakula hewa yote. Mushumaa unazimika wakati sehemu kubwa ya hewa nzuri ingali imo. Fukusi hatajali.

Mukiisha kufunga, wekeni bokali pahali pa giza na baridi, na musiifungue kabla ya majuma sita. Mama anayefungua kila juma ili kuangalia, anawaletea fukusi pumzi mupya kila juma.

Sasa jambo lililo kubwa kupita yote: ukavu. Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipopata pompi nilifurahi kama mutoto. Maharagi yalikaa juani siku mbili tu, mvua ya mwisho ikaja, nikaona haraka ni afazali, nikafunga bokali sita. Katika mwezi wa tisa nilifungua mbele ya jirani zangu, ili waone akili ya moniteri. Harufu kama ya pombe iliyochacha ilitoka, na maharagi yalikuwa meusi. Nilipanda hamsini, likaota moja. Muke wangu hakusema neno. Alileta mbegu zake zilizokaa katika majivu ndani ya chungu, na tukapanda hizo.

Kwa hiyo pimeni ukavu kwanza, na kipimo chake ni chumvi. Twaeni bokali kavu kabisa. Kaangeni chumvi kidogo katika sufuria mupaka ikauke, na muiache ipoe. Tieni maharagi mupaka sehemu ya tatu ya bokali, ongezeni vijiko viwili au vitatu vya chumvi, fungeni, tikiseni kwa dakika moja, kisha acheni robo saa. Angalieni kioo. Chumvi ikishikamana na kioo, maharagi yangali na maji mengi, yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, ni vizuri, lakini kwa mbegu itakayofungwa bila hewa ninasema: ongezeni tena siku moja au mbili za jua. Tandikeni mukeka, bati la moto linaua mbegu. Na musifunge maharagi yakiwa na joto la jua, kwa maana yatatoa jasho ndani ya kioo. Yaacheni yapoe katika kivuli, na mufunge siku ile ile.

Kwa namna hii hii munaweza kuchunga mahindi, mutama, kahawa, unga mukavu wa muhogo. Mukivuta hewa juu ya unga, wekeni kitambaa chepesi, kama sivyo unga utapanda katika pompi. Karanga pia, lakini tupeni kwanza kila karanga yenye ukungu. Ukungu wa karanga unaacha sumu inayoharibu ini, na kutoa hewa hakuondoi sumu ile.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi mama zetu. Mutu akiona maharagi yake makavu yamekaa miezi mingi bila kuharibika, atasema: Basi nitie na nyama iliyopikwa, nitie na uyoga, nitie na sombe iliyobaki, nivute hewa, niweke juu ya rafu. Huyo anatafuta kifo.

Katika mwaka 1810 mupishi mumoja wa Ufaransa, jina lake Nicolas Appert, aliandika kitabu juu ya kuchunga vyakula katika chupa. Alitia chakula katika chupa za kioo, akaziba kwa nguvu, akazichemsha katika maji muda murefu. Serikali yake ilimupa franka 12,000. Mwenye elimu mukubwa wa wakati ule, Gay-Lussac, alipima chupa zile, akasema chakula hakiozi kwa sababu hewa nzuri imetoka. Watu walimusadiki miaka mingi. Baadaye Louis Pasteur alionyesha kwamba ni mikrobi zinazoozesha chakula, na kwamba moto ndio uliochunga chupa za Appert, kwa kuua mikrobi. Kosa la Gay-Lussac lingali linaingia katika nyumba za watu pamoja na kila pompi inayonunuliwa.

Kwa sababu kuna mikrobi moja inayokaa katika udongo, na tunaileta nyumbani juu ya mboga na mizizi, ambayo haipendi hewa hata kidogo. Mahali penye hewa inalala. Mukiifunga katika chakula chenye maji, bila hewa, bila ukali wa ndimu au siki, na bila baridi kali, inaamka na kutengeneza sumu. Mbegu zake hazifi katika maji yanayochemka. Huku kwetu maji yanachemka kwa digri 95 hivi, kwa sababu tuko juu, na mbegu zile zinataka digri 121, joto linalopatikana tu katika sufuria ya chuma inayofungwa na kushika mvuke. Tena chakula kile kinaweza kukosa harufu mbaya na kukosa ladha mbaya.

Mugonjwa anaanza kuumwa kisha nusu siku, au siku moja na nusu, au zaidi. Anaona vitu viwili pahali pa kimoja, kope zinaanguka, ulimi unakuwa muzito, hawezi kumeza, na mwisho pumzi inakosa nguvu. Mara nyingi hana homa, na akili yake ni nzima. Musiseme amerogwa. Mupelekeni hospitali saa ile ile, na semeni kule alikula nini. Chakula kilichobaki wapeni waganga wakiangalie. Kama hawakitaki, zikeni katika shimo, mbali na kuku na nguruwe.

Najua katika nyumba nyingi kuna bokali ya pilipili mbichi iliyosagwa na kulowekwa katika mafuta. Mafuta nayo yanazuia hewa, sawasawa na pompi. Sagieni ile ya siku chache tu, au wekeni ndimu au siki nyingi kuliko mafuta. Na sambaza zisizokauka kabisa, zile zinazopindika bila kuvunjika, zikae katika kitunga penye upepo, zisifungwe.

Muzee mumoja ameniuliza kama bokali ya zamani ya konfiti inafaa. Inafaa, kama mupira wa kifuniko haujapasuka. Ijazeni maji, ifungeni, igeuzeni juu chini juu ya karatasi kavu usiku mumoja. Karatasi ikilowa, tafuteni kifuniko kingine.

Nimeleta chumvi na bokali tatu kavu. Wenye maharagi ya msimu huu waje mbele, tuyapime.