UKIONA VINAELEA, VIMEUNDWA
(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama)



Twapenda kuwaulizeni suali moja. Katika Dar es Salaam ya ukoloni, kwa nini maduka makubwa yalikuwa ya Wahindi, na Mwafrika wa Kariakoo akapanga mafungu ya mchicha chini? Wako wanaojibu: ndivyo walivyoumbwa. Hayo si kweli.

Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, mtaa uliopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga. Tena ikatungwa sheria kwamba anayemkopesha Mwafrika hawezi kumdai mahkamani bila ya idhini ya serikali. Waliiita hifadhi. Lakini nani atamkopesha asiyeweza kumdai? Mtu akanyimwa mkopo, akakosa mtaji, kisha akatukanwa kuwa hajui biashara!

Profesa Justinian Rweyemamu, mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1982, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuwa unyonge wa uchumi wetu haukuwa maumbile. Uliundwa na mfumo uliotutaka tulime vya kupeleka ng'ambo na tununue vilivyotengenezwa ng'ambo. Dawa aliyoitetea ni viwanda vya msingi vinavyotumikia mahitaji ya wananchi wenyewe.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yalikuwa ya Wahindi. Yakakabidhiwa Msajili wa Majumba. Mwenye nyumba akabadilika. Mpangaji akabaki mpangaji.

Ndugu zetu, sisi wa visiwani twaijua gharama ya kuhesabiana rangi. Mwaka 1964 tuliilipa kwa damu. Basi akikujieni mtu kukwambieni kuwa adui yenu ni jirani mwenye duka, msimfuate. Muulizeni: leo nani hupewa mkopo, na kwa rehani gani? Nani hupewa hati ya kiwanja, na nani huambiwa arudi kesho? Nani hutunga sheria hizo, na kwa faida ya nani?

Ukiona vinaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kwa dhulma, wananchi wakishikamana, huundwa upya kwa haki.