Kila Tangi na Koki Yake: Kufunga Upya Mabomba ya Maji Matamu Katika Boti ya Matanga



Tarehe 14 Juni 1968 Robin Knox-Johnston aling'oa nanga Falmouth, Uingereza, akiwa na Suhaili, boti ya msaji iliyoundwa Bombay, isiyofika hata meta 10. Alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kushuka bandari yoyote. Wengi husimulia mawimbi aliyokutana nayo. Sisi wa mabomba tusimulie matangi: akiwa bado katika bahari za kusini aligundua kwamba maji ya matangini yameharibika. Akaendelea kwa maji ya majerikeni na ya mvua, yaani maji ambayo hayakuwa na njia ya kukutana na yale machafu.

Ndiyo hoja yangu leo. Mwenye boti anapolalamika kuwa maji yananuka au hayatoki, wengi wetu tunakimbilia kubadili pampu. Tuanzie kwenye koki.

Chukua boti yenye matangi mawili ya lita 150, moja kila upande chini ya viti, yameungwa kwa bomba moja lililo wazi muda wote. Gatini hakuna shida. Ikishaondoka na kulala upande mmoja kwa upepo, maji ya tangi la joshini huteremka kwenye la demani. Matangi yakiwa nusu, kilo 75 zimehama, tena kwenda upande ambao boti tayari imeinamia. Tangi la chini likijaa, maji hutokea kwenye bomba lake la kupumulia, na kama bomba hilo limeishia ndani, yanaingia ngama. Mpira mmoja ukichomoka, matangi yote mawili yanakauka. Maji machafu ya gati moja yanachafua akiba yote.

Kwa hiyo kila tangi lipewe koki yake, karibu kabisa na tangi, ndipo mabomba yakutane kuelekea kwenye chujio na pampu. Tumia tangi moja kwa wakati mmoja. Mimi huchagua koki ya wenzo inayofungwa kwa robo mzunguko, kwa kuwa hata gizani mkono unajua imefungwa au iko wazi. Geti valvu ya kuzungusha haikuambii kitu. Na koki isifichwe mahali ambapo lazima godoro liondolewe kwanza. Koki ya namna hiyo haifungwi na mtu.

Bomba la kupumulia ndilo tunalolidharau zaidi. Likizibwa na mdudu au chumvi, pampu inavuta dhidi ya ombwe na mtu anadhani imekufa. Wakati wa kujaza, tangi la plastiki linavimba hadi linasukuma mbao. Bomba hilo lipandishwe juu kuliko mdomo wa kujazia, ncha yake iwekewe wavu mwembamba.

Mipira iwe ya maji ya kunywa, isiyopitisha mwanga. Ule mweupe wa kuonyesha maji ni rahisi dukani, lakini huota ukijani. Pampu ya mguu kwenye sinki isiondolewe hata kama mwenye boti ana pampu ya umeme ya volti 12: betri ikiisha, tangi lililojaa halina maana bila njia ya kuyatoa maji.

Kazi ikiisha, osha mfumo. Kwa tangi la lita 150, karibu mililita 215 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, hutoa miligramu 50 kwa lita. Ichanganye kwanza kwenye ndoo, jaza tangi, fungua kila bomba hadi harufu isikike, acha saa nne, kisha mwaga na usuuze. Usiilaze humo siku kadhaa, hasa tangi likiwa la alumini au la chuma cha pua. Klorini huitoboa metali, na mara nyingi huanzia kwenye maungio ya kulehemu.

Ombi langu kwa karakana zote zilizowakilishwa hapa: boti isikabidhiwe bila mchoro wa mabomba yake, kila koki ikiwa na jina, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la sinki. Na mwenyewe azifunge na kuzifungua koki zote mbele yenu kabla hajalipa.