Chombo cha Kusimamia Uhaba wa Nishati Kiundwe Sasa, Maji Yakiwa Bwawani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama na wananchi katika mkutano wa tawi. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)



Ndugu mmoja hapo mlangoni ametutania. Amesema tumechelewa, maana habari ya mgao ilikuwa ya mwaka 2023, na leo Bwawa la Julius Nyerere lipo, mitambo yote 9 imekwisha fungwa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mgao wa nini tena? Twamshukuru ndugu huyu, maana ametupa pa kuanzia.

Sisi twasema kwamba wakati wa kuzungumza habari ya mgao ni huu. Mkulima hajengi ghala siku ya njaa. Siku ya njaa hana nguvu ya kukata miti, na mwenye miti humuuzia kwa bei anayotaka yeye. Nchi yetu imepatwa na njaa ya umeme mwaka 1994, ikapatwa tena 2006, na 2011, na 2022, na 2023. Kila mara tulitafuta miti ya ghala tumbo likiwa tupu.

Tukumbushane mgao ulivyokuwa. Fundi cherehani alikaa mlangoni na nguo za arusi mapajani, mashine ya umeme imelala. Mama wa samaki alinunua barafu asubuhi, kufika jioni anauza samaki kwa bei ya hasara kabla hawajaoza. Mashine ya kusaga ikisimama, mtoto aliyetumwa na debe la mahindi anashinda hapo mpaka usiku. Fundi wa kuchomelea alipokea malipo ya awali ya mlango wa chuma, fedha akazila, mlango haukuisha, akawa anamkwepa mwenye mlango. Haya si mambo ya kuhadithiwa, mengi ni ya watu waliokaa kwenye mabenchi haya. Na wakati huo huo, mtaa wa pili, nyumba yenye jenereta ilikuwa inang'aa. Basi mtu akisema "mgao" kana kwamba wote tuligawiwa sawa, mwambieni hakuna kilichogawiwa sawa. Mwenye fedha alinunua giza lake likaondoka, la kabwela likabaki.

Kugawa uhaba ni kazi ngumu kuliko kugawa neema. Neema hata mpumbavu aweza kuigawa. Uhaba wahitaji mtu mwenye hesabu, mwenye amri, na asiye na biashara yake ndani ya jambo lenyewe. Mtu huyo ndiye tunayemtaka.

Tazameni lililotupata kwa kumkosa. Ukame wa 1994 ulipotubana, twaliitafuta mitambo ya haraka, na mwaka 1995 mkataba wa IPTL ukatiwa sahihi, mitambo ya megawati 100 pale Tegeta. Dawa ya dharura, ndugu zangu! Ilianza kutoa umeme mwaka 2002. Mvua zilikuwa zimekwisha nyesha mara nyingi, na kesi za mkataba ule zikaendelea kutusumbua kwa miaka mingi. Ukaja ukame wa 2006. Maji ya Mtera yakashuka chini ya kiwango cha kuzalisha umeme. Juni mwaka huo mkataba wa Richmond ukatiwa sahihi, megawati 100 nyingine za dharura. Mitambo haikufika kwa wakati, mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, mvua ikanyesha. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilichunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili, Baraza zima likavunjwa.

Watu wengi hukumbuka mambo hayo kama habari ya majina ya watu. Sisi twayakumbuka kama habari ya haraka. Mara zote mbili nchi ilikuwa gizani, kila mtu anapiga kelele, na mwenye kuuza mitambo anajua kwamba hatuwezi kungoja. Mikataba ya namna hiyo hulipwa mitambo iwake isiwake. Mtu anayefanya biashara gizani haoni anachotia sahihi.

Je, wako wenzetu waliofanya vizuri zaidi? Wako, ingawa nao walichelewa. Brazili ni nchi ya mito mikubwa, na mwaka 2001 karibu sehemu 9 katika 10 za umeme wake zilitoka kwenye maji. Mvua zikapungua, mabwawa yakashuka. Mei mwaka huo Serikali ya Rais Fernando Henrique Cardoso iliunda halmashauri maalumu ya kusimamia upungufu wa umeme, ikamweka waziri mmoja, Pedro Parente, kuwa mkuu wake. Halmashauri hiyo haikukata umeme mtaa kwa mtaa. Ilisema hivi: katika mikoa iliyopungukiwa, kila nyumba ipunguze sehemu 20 katika kila 100 ya umeme iliyoutumia mwaka uliopita. Uzime taa, uzime friji, uzime kipasha maji, shauri lako mwenyewe. Ukizidisha, bei yapanda, na ukiendelea unakatiwa. Lakini nyumba ndogo, zile zisizozidi yuniti 100 kwa mwezi, hazikulazimishwa kupunguza, na zilizopunguza zililipwa kwa kupunguza kwao. Mpango ulianza tarehe 1 Juni 2001 ukaisha mwisho wa Februari 2002. Hatusemi mambo yalikuwa matamu. Uchumi wao uliumia, na Serikali ilinung'unikiwa sana kwa kutosikia maonyo mapema. Ila giza la zamu kwa zamu, lile tulilolizoea sisi, hawakuliona, na mzigo haukuanzia kwa mnyonge.

Hapa kwetu jambo hilo lingewezekana kesho. Tayari tuna kundi la wateja wa nyumbani wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, wenye bei yao ya chini. Majina yao yamo katika mita za Luku. Twajua mnyonge wa umeme ni nani na anakaa wapi. Mbona mgao ulipokuja tulikata njia nzima, mnyonge na tajiri na zahanati kwa pamoja?

Sasa chukueni mfano wa wakubwa wa dunia, Marekani. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha kuwauzia mafuta. Tarehe 4 Desemba Rais Nixon akaunda ofisi ya nishati ya Serikali Kuu chini ya William Simon. Ofisi ikakuta jambo la ajabu: Serikali yenye nguvu kuliko zote haikuwa na hesabu zake yenyewe za mafuta. Ilibidi iziulize kampuni za mafuta, na wananchi hawakuziamini. Ikagawa petroli kwa kufuata matumizi ya 1972. Lakini watu wa mjini walikuwa wameacha kusafiri kwenda kupumzika mashambani, kwa hiyo petroli ikajaa kule wasikokwenda, na mijini magari yakapanga foleni tangu alfajiri. Nchi za Kiarabu zikaondoa katazo lao Machi 1974. Sheria ya kuunda chombo kamili cha nishati ikatiwa sahihi Mei 1974! Mnacheka, lakini sisi tulingoja mitambo ya IPTL miaka 7.

Basi turudi kwenye lile bwawa la ndugu yetu wa mlangoni. Twalipenda. Jasho la nchi limo mle. Lakini mchukue ramani. Mto Ruaha Mkuu hupita Mtera, megawati 80, ukashuka Kidatu, megawati 204. Kihansi, megawati 180, huingia bonde la Kilombero. Maji yote hayo hukutana Rufiji, na Rufiji ndiko lilikojengwa Bwawa la Julius Nyerere. Jumlisheni wenyewe: megawati 2,579 zanywa kisima kimoja. Ukame ukilipiga bonde lile, haupigi bwawa moja. Bwawa jipya ni kubwa, laweza kuvumilia mwaka mmoja mbaya. Miaka miwili mibaya ikifuatana, hilo ni jambo jingine, na gesi ya Songo Songo na Mtwara itabidi ibebe mzigo mkubwa.

Na hapa tuseme neno ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Tangu 1993 Ruaha Mkuu hukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, na kila mara wa kwanza kulaumiwa ni mkulima wa mpunga wa Usangu. Mpunga ule twaula sisi hapa Dar es Salaam, na umeme wa Mtera twautumia sisi. Hatuwezi kumfukuza mkulima kwa ajili ya taa kisha tuende sokoni kulalamikia bei ya mchele. Palipo na maji machache, lazima awepo mwamuzi anayehesabu mpunga na umeme katika daftari moja.

Leo kazi hizi zimetawanyika. TANESCO wana mitambo na nyaya. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. PBPA huagiza mafuta kwa pamoja. TPDC wana gesi. REA wanapeleka umeme vijijini. Bodi za mabonde zinapima maji. Kila mmoja ana jembe lake, na wengi wao wanalima vizuri. Lakini wakati wa uhaba majembe yanagongana, kila mmoja anangoja mwenziwe aseme neno baya la kwanza, yaani kwamba mwaka huu hatutatosheka.

Chombo tunachokitaka kiwe ndicho chenye wajibu wa kulisema neno hilo, na kulisema mapema. Kipewe kwa sheria haki ya kuona vitabu vyote: kina cha maji ya mabwawa, gesi inayotoka, mafuta yaliyomo kwenye matangi, meli zilizo njiani. Hesabu hizo zitangazwe kila juma redioni na magazetini, kama bei ya mafuta inavyotangazwa. Mtera ikijaa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wake wa kazi ni mita 690. Hata mtoto wa shule aweza kuelewa ghala lililobaki na mita mbili. Na orodha ya nani anapunguziwa kwanza na nani asiguswe iandikwe leo, bila hasira, ijulikane kwa wote: hospitali na zahanati, pampu za maji, mashine za kusaga, nyumba ndogo, ziwe mwisho. Mabango ya matangazo na majumba yanayopozwa mchana kutwa yawe mwanzo. Mwenye kiwanda naye asikilizwe, maana kiwanda kikifungwa ni kabwela anayerudi nyumbani bila mshahara.

Kisiwe cha umeme peke yake. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili kufika 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Twaunga mkono, mama zetu wamekohoa moshi vya kutosha. Lakini mtungi wa gesi ya kupikia unatoka nje ya nchi. Tukimwondoa mama kwenye mkaa, kisha meli ikachelewa au dola zikaadimika kama 2023 mafuta yalipokuwa shida, uhaba hautaishia kituo cha petroli. Utaingia jikoni, na miti ndiyo itakayolipa.

Liko sharti moja ambalo hatutalegea. Chombo hiki kisiruhusiwe kununua kitu. Kisinunue mtambo, kisikodi mtambo, kisitie sahihi mkataba wa hata megawati moja. Anayetangaza njaa asiwe ndiye anayeuza unga. Akishakuwa na kalamu ya manunuzi, kila ukame utakuwa sikukuu kwake.

Wako watakaosema hizi ni ofisi mpya, magari mapya, ulaji mpya. Hofu yao ni ya haki, tena hata sisi tunayo. Kwa hiyo twapendekeza watumishi wake watolewe katika mashirika yaliyopo, wawe wachache, wakae katika majengo yaliyopo, na wasomewe hesabu zao Bungeni kila mwaka, mvua ikinyesha isinyeshe. Wakipita miaka mitano bila mgao wasivunjwe kwa kuonekana hawana kazi. Askari wa zimamoto hafukuzwi kwa sababu mji haujaungua.

Ndugu Mwenyekiti, azimio la tawi limeandikwa karatasi moja tu, lina vifungu vinne, na Katibu analo mkononi. Tunaomba lisomwe polepole, lijadiliwe, na wale wasiolikubali waseme kwa nini kabla ya kupiga kura. Likipita lipelekwe wilayani wiki hii, likiwa na majina ya wote waliokuwepo. Ndugu yetu wa mlangoni naye aandikwe.