Kutunza Betri za Magari ya Watalii Yanapolala Msimu wa Masika

Masika yakishakolea mwezi Aprili, kambi nyingi za mbugani hufungwa na Land Cruiser za watalii hurudi Arusha kulala uani. Huoshwa, hubadilishwa oili, springi zilizokatika hufunguliwa. Betri haiguswi. Juni wageni wakianza kuingia, starta inalia "tak" mara moja na taa za dashibodi zinafifia. Fundi anatafuta waya za kubusti, na msimu haujafika katikati mwenye gari keshanunua betri mpya. Mwaka 2020, anga la Tanzania lilipofungwa kwa ndege za abiria za kimataifa hadi Mei 18, na wageni wakabaki haba hata baada ya hapo, usingizi huo ulirefuka kupita kawaida.

Hoja ya mada hii ni moja: betri ya risasi na asidi haiuawi na kazi kama inavyouawa na kukaa bila chaji kamili. Kanuni yake haijabadilika tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859. Inapotoa umeme, sahani za risasi hufunikwa na salfeti. Chaji ikirudishwa mapema, salfeti hiyo huyeyuka. Ikiachwa kwa majuma, hukomaa kuwa fuwele ngumu, nyeupe, ambazo chaja haiziondoi tena.

Na chaji hupungua hata gari likiwa limezimwa. Betri hujipunguza yenyewe, na joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo hukaribia kuongezeka maradufu. Kivuli tu ni matunzo tosha ya kuanzia. Kisha kuna king'ora, redio na kifaa cha kufuatilia gari. Vikinyonya kwa pamoja miliampia 50, ndani ya siku 30 vimekula ampia-saa 36, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampia-saa 70. Kwa hiyo betri ijazwe chaji kabla gari halijalala, kisha waya wa hasi uchomolewe.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Betri ipumzike usiku kucha, asubuhi iwekwe mita. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.4, karibu robo imeondoka, na hapo ndipo chaja iunganishwe. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Tatizo ni kwamba betri ya 12.2 mara nyingi bado inawasha injini, na fundi akisikia imewaka anaiacha. Huku ndani salfeti inakomaa.

Wengi huwasha injini dakika tano kila Jumamosi wakiamini wamechaji. Hawajachaji. Sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole, kwa saa kadhaa, na injini iliyowashwa kidogo haifiki huko.

Chaja iwekwe kwenye moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ampia 7 kwa betri ya 70. Mahali pawe na hewa, pasiwe na sigara wala cheche, maana betri inayochemka hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kwa betri za vifuniko, kiwango kikishuka huongezwa maji ya betri, si asidi. Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri husafishwa kwa maji ya magadi, vifuniko vikiwa vimekazwa ili magadi yasiingie ndani, kisha hupakwa grisi. Uani pasipo na umeme wa uhakika, paneli ndogo ya jua ya wati 20, yenye kidhibiti chaji, inatosha kuishikilia betri iliyojaa.

Betri iliyokwishakufa isifunguliwe na asidi yake isimwagwe. Ipelekwe ikiwa nzima kwa mwenye kibali cha kuiyeyusha. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.