Mashine Inapogonga
(Maneno ya Katibu mkutanoni, kwa wale ambao hawakufika)



Mashine yetu ya kusaga inagonga, sote tumeisikia. Wengine wanasema ni mkanda, wengine dizeli chafu. Sisi wa kamati tulikaa na fundi, nasi tunaeleza tulivyoelewa.

Konrodi ndiyo inayounganisha pistoni na krenki. Juu ina bushi ya shaba, mnamopita pini ya pistoni. Chini ina beringi ya vipande viwili iliyokumbatia krenki. Vitu hivi vikilika, panakuwa na nafasi, basi chuma kinapiga chuma.

Mlio wa juu ni mwembamba, ti-ti, unasikika injini ikiwa haina mzigo. Wa chini ni mzito, ngo! ngo!, unazidi mahindi yakiingia. Wetu ni huo. Fundi alilegeza kidogo nati ya bomba la nozeli, dizeli ikapungua, na mlio ukapungua. Injini ikazimwa, akafungua kifuniko cha ubavuni, akaisukuma konrodi juu na chini. Ikacheza! Kucheza kidogo kwenda upande si kitu, lakini juu na chini, hapana. Na oili ilikuwa na vumbi linalometameta.

Ndugu zetu, mwaka 2014 tulikata kopo la maziwa tukalitia nyuma ya beringi. Kelele iliisha siku tisa. Siku ya kumi konrodi ikatoboa bloku, akina mama wakabeba madebe kichwani hadi kijiji cha pili msimu mzima. Kosa lilikuwa letu. Tuliona haya kuwaomba pesa.

Safari hii krenki itapimwa kwa maikromita. Ikiwa imelika upande mmoja, itapelekwa mjini kuchongwa, na beringi zitanunuliwa nene zaidi, saizi zake kwa kawaida zikianzia 0.25 mm. Bushi mpya itaingizwa kwa jiliwa, si kwa nyundo, na tundu lake la oili lielekeane na tundu la konrodi. Pini ipite kwa kusukumwa na dole gumba tu. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, krenki ikizungushwa kwa mkono. Ikigoma, fungua uangalie upya.

Mchango upokelewe na mweka hazina kwa stakabadhi. Daftari la oili watalishika wanakisomo.

Mashine imefungwa tangu jana. Msimsumbue mwendeshaji awashe kwa debe moja tu. Ufunguo tunao sisi.