Jiografia na Kusambaa kwa Viwanda Duniani

Mapinduzi ya viwanda yalianza Uingereza katika karne ya 18, kisha yakasambaa yakifuata makaa ya mawe, mito inayopitika na bandari. Jambo la kupima kwanza ni gharama ya kusafirisha mali iliyo ardhini. Wingi wake huja baadaye. Kabla ya reli, makaa yaliyobebwa na farasi yalipanda bei kwa kila maili, na mgodi uliokuwa mbali na maji haukuwa na faida kubwa.

Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen, iliyoanza kazi mwaka 1712 karibu na Dudley, ilikula makaa mengi mno. Ilidumu kwa sababu iliwekwa mgodini penyewe, ikivuta maji yaliyofurika mashimoni, mahali ambapo makaa yasiyouzika yalikuwa ya bure. Ilitumika hivyo kwa miongo mingi hadi James Watt alipopata hataza ya maboresho yake mwaka 1769. Miaka minane kabla ya hapo, mfereji wa Bridgewater ulianza kuleta makaa ya Worsley mjini Manchester, na bei yake ikashuka kwa takribani nusu. Lancashire, eneo lenye mji huo, ilikuwa pia na hewa yenye unyevu, ambayo hupunguza kukatika kwa nyuzi za pamba, na bandari ya Liverpool haikuwa mbali.

Hata hivyo, Lancashire haikuotesha pamba. Sehemu kubwa ya pamba yake ilitoka kusini mwa Marekani, ikichumwa na watumwa wa asili ya Afrika. Maelezo yanayosifu makaa na mito ya Uingereza bila kuwataja watu hao yana kasoro kubwa.

Mwanahistoria Kenneth Pomeranz, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliilinganisha Uingereza na delta ya mto Yangtze nchini China. Delta hiyo ilikuwa na mafundi na masoko makubwa, lakini makaa mengi ya China yalikuwa kaskazini, hasa Shanxi, mbali sana na viwanda vya nguo. Wapo wanaopinga kwamba umbali huo unatosha kueleza tofauti yote, na pingamizi lao lina uzito, kwani mishahara, sayansi na sera pia vilihusika.

Katika bara la Ulaya, viwanda vilijitokeza kwanza kwenye mkanda wa makaa. Ubelgiji ilitangulia, na mwaka 1817 John Cockerill alianzisha kiwanda cha mashine Seraing, kando ya mto Meuse. Baadaye bonde la Ruhr likawa kitovu cha chuma cha Ujerumani. Uswisi, isiyo na makaa ya kutosha, ilitegemea nguvu ya maporomoko. Marekani ilianza vivyo hivyo kwa maji, mji wa Lowell ukiwa mfano, na mfereji wa Erie wa mwaka 1825 ukaunganisha Maziwa Makuu na New York.

Japani ndiyo inayoonyesha vizuri kwamba ramani hubadilika maana. Kiwanda cha chuma cha Yawata, kilichoanza uzalishaji mwaka 1901, kilijengwa karibu na makaa ya Kyushu, huku sehemu ya madini ya chuma ikitoka China. Baada ya Vita Kuu ya Pili, meli kubwa zilishusha gharama za usafirishaji kiasi kwamba viwanda vya pwani viliweza kutumia madini na makaa kutoka mabara mengine. Kuwa kando ya bahari kukawa na thamani kuliko kuwa juu ya mgodi.

Afrika Mashariki ilikuwa na kikwazo cha aina nyingine. Mito mingi ina maporomoko, na bara lilifikika kwa wapagazi hadi reli ya Mombasa ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli hiyo ilijengwa hasa kwa maslahi ya watawala. Ilipanua usafirishaji wa mazao ghafi bila kuleta viwanda vya kutosha. Jinja ilipata nafasi tofauti: bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilivuta viwanda vya nguo na uyeyushaji wa shaba iliyochimbwa Kilembe, magharibi mwa Uganda. Nchini Tanzania, chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, yamejulikana tangu enzi za ukoloni, lakini reli ya TAZARA inapita Makambako, mbali na maeneo hayo.